Kifungu cha Bi. Mwantumu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru sana. Nilipofika nayo nyumbani niliigeuza nyuma kutafuta waya wake, nikakuta inatumia betri. Nimetumia maisha yangu kuwabembeleza watu wakubali waya upite mashambani mwao, na wenzangu wa shirika la umeme wakanipa saa ya betri. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama kustaafu kumeanza kunipanda kichwani. Hapo ndipo nilipoamua kuwaandikia, kwa sababu siku ile ile, kwenye soda na keki, kijana mmoja wa uhasibu aliniuliza swali nami sikumjibu vizuri. Alitaka kujua kwa nini wazee wa ofisi ya Korogwe, tukitaja fedha za miradi ya vijiji, tunasema "kifungu cha Bi. Mwantumu", na huyo Bi. Mwantumu alikuwa mbunge wa jimbo gani.

Hakuwa mbunge. Ngoja nianze mbali kidogo.

Niliingia kazini miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa nimeteremka kutoka Soni na sweta mwilini. Anayelijua joto la Korogwe ataelewa kwamba kosa langu la kwanza kazini lilikuwa sweta. Nilipanga chumba Masuguru, nikanawa uso, nikaenda ofisini nikitegemea kufundishwa umeme. Badala yake nilikabidhiwa panga, kamba, mfuko wa vigingi, filimbi na kabrasha dogo la sheria, nikaambiwa nimfuate Mzee Mhando popote aendako. Kushika waya nilikatazwa, na katazo hilo halikuwahi kuondolewa mpaka nimestaafu.

Mzee Mhando alikuwa mtu wa mkuza. Ninyi mmezoea kuuona mkuza kwenye ramani, mistari miwili ya nukta nukta. Sisi tuliufyeka kwa jasho: ile njia ndefu wanayopita nguzo na waya, isiyotakiwa kuwa na mti wala nyumba. Waya haujali mti ni wa nani. Mwenye mti anajali sana, na kati ya hao wawili alisimama Mzee Mhando. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mrefu, mwenye kofia ya kufuma iliyokwisha sahau rangi yake, na baiskeli isiyo na breki. Alisema breki ni za watu wasiojua wanakokwenda. Siku ile ya kwanza aliitazama sweta yangu kwa muda.

"Mwana wa milimani," akasema, "huko kwenu baridi imezidi mpaka mnatembea na akiba?"

Jina hilo likanishika. Alinifundisha kazi zaidi kwa kunikataza. Nisitaje sheria kabla sijaulizwa habari za nyumbani, na nikiulizwa nisijibu kwa mkato. Nikifika shambani niulize kwanza makaburi yako wapi, habari za miti zitakuja zenyewe. Na mtu akiniambia "nimekubali" upesi upesi, nitafute pa kukaa, kwa sababu huyo hajakubali. Hili la mwisho limenisaidia hata katika mambo ya kuozesha mabinti.

Kesi ya kwanza niliyoiona kwa macho ilikuwa Mazinde, pembeni ya mashamba ya mkonge. Tulipita mahali tukiweka vigingi, pakiwa na nyasi tu. Tuliporudi kesho yake tukakuta shamba la mipapai, imesimama kwa mistari, mingine ina matunda. Habari ya fidia ilikuwa imetutangulia. Mimi nikaanza kutafuta ukurasa kwenye kabrasha langu. Mzee Mhando akavua kofia, akamsifu mwenye shamba kwa ukulima wake, kisha akaegemea mpapai mmoja kama mtu aliyechoka. Mpapai ukaanguka, naye akaanguka nao.

"Loo, ndugu yangu," akasema akiwa chini, amekumbatia shina lisilo na mzizi hata mmoja, "huu umechoka na safari kuliko mimi."

Mwenye shamba alicheka kabla yetu. Mambo yakaishia hapo, tukala yale mapapai. Mzee Mhando aliniambia njiani kwamba angemkamata yule bwana kwa uongo, tungepata mkuza na adui juu yake.

Basi ikaja sheria mpya. Hii ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wamekwisha hamia vijijini, na umeme wa mitambo ya Hale ulikuwa ukipita juu ya vichwa vyao kwenda mijini na kwenye viwanda vya mkonge. Wanavijiji waliuliza kwa nini unapita kila siku bila kusalimia, na nadhani swali hilo lilifika Bungeni. Ikapitishwa kwamba vijiji navyo vipelekewe. Serikali itenge fedha kwa jina la kijiji, fedha hizo zidumu miaka miwili ya bajeti, na kijiji kwa upande wake kiridhie mkuza na kuchimba mashimo ya nguzo. Kijiji kisiporidhia kabla ya Juni kwisha, fedha zinarudi Hazina, na kuzitoa tena huko ni habari nyingine.

Fedha hizo zilizotengwa ndizo tulizoziita kifungu. Na kila kipande cha sheria chenye namba yake nacho ni kifungu. Ofisini tulilitaja neno hilo kutwa mara nyingi kiasi kwamba tulisahau kuna watu hawalijui.

Kijiji cha kwanza kwenye orodha yetu upande wa Handeni kilikuwa Kwemvumo. Nawaomba mnielewe kuhusu Kwemvumo. Palikuwa na kisima kirefu, kimechimbwa na wataalamu, maji yako chini mengi na matamu. Ukidondosha kokoto unayasikia. Lakini injini ya dizeli iliyokuwa ya kuyavuta ilikuwa imekufa zamani, na ilipokuwa hai dizeli haikuwepo. Kwa hiyo kisima kilifunikwa bati na kupigwa kufuli, na wanawake wa Kwemvumo walipita pembeni yake alfajiri wakiwa na madebe, kwenda lamboni, mwendo mrefu, kuteka maji ya rangi ya chai ya maziwa wakigombea na ng'ombe wa Wamasai. Pampu ya umeme ingemaliza mambo yote. Hilo kila mtu alilijua, hata ng'ombe.

Waraka wa kuvijulisha vijiji ulipigwa chapa na Bi. Esta, karani wetu, mwanamke makini aliyepewa mashine ya taabu. Ilikuwa taipureta kuukuu, na herufi yake ya *u* ilikuwa na mkono uliopinda. Siku nyingine inagonga, siku nyingine inaacha pengo. Bi. Esta alizoea kuchukua sindano na kuzichora *u* zilizokosekana moja moja kwenye karatasi ile ya nta ya kudurufia. Alizichora vizuri tu. Ila mashine ya kudurufu ilikuwa ikivuja, na wino ulipopita ukajaa mdomoni mwa kila *u* ya mkono, ukaufunga. *U* iliyofungwa mdomo, wasomaji wangu, ni *o*.

Sisi ofisini hatukuona kitu, maana kila mmoja alisoma anachokijua. Nakala zikapelekwa vijijini kwa makatibu kata, zikitangaza kwa muhuri halali kwamba kijiji kitakachoridhia kupitiwa na mkuza wa umeme kitapewa na Serikali kifungo cha miaka miwili.

Tulikwenda Kwemvumo mwezi Juni ukiwa ukingoni. Landrova ilimbeba Mzee Mhando, mimi, na mwanasheria kijana kutoka makao makuu, Ndugu Mapunda, mtu mwema mwenye suti ya mikono mifupi na mkoba mpya. Zamani zile ukienda kijijini kwa jambo la Serikali ulipokelewa kwa nyimbo kuanzia barabarani. Siku hiyo hapakuwa na nyimbo. Watu wote walikuwa wamekwisha kaa mbele ya ofisi ya kijiji, akina mama wamejitanda khanga, wazee wameinamisha macho. Ndugu Mapunda akaninong'oneza kuuliza nani amefariki.

Mbele kabisa, peke yake, alikaa mwanamke wa makamo juu ya mzigo uliofungwa vizuri kwa kamba ya katani: mkeka, sufuria, khanga kadhaa. Huyo ndiye Bi. Mwantumu. Kando yake alisimama mumewe, Mzee Ngoda, ameshika ile ngata ya kujitwishia maji kwa vidole viwili, akiitazama kwa huzuni.

Tukasalimia, "Shikamooni wazee," ikarudi "marahaba" nyembamba. Mzee Mhando aliniangalia. Alijua kuna jambo. Lakini Ndugu Mapunda alikuwa na haraka ya kurudi Dar es Salaam, akasimama.

"Ndugu wananchi," akaanza, "nimekuja kuwaeleza vifungu vya sheria mpya."

Mkutano ukaguna. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sempoli, akanyoosha mkono. "Samahani, ndugu. Umesema vifungu. Viko vingi?"

"Viko kumi na vinne," akasema Ndugu Mapunda kwa fahari.

Mama mmoja nyuma akaita jina la Mungu. Mzee Sempoli akasema: "Barua ilisema kimoja."

"Kinachowahusu zaidi ni kimoja. Lakini lazima mvijue vyote. Na kila kifungu kina vifungu vidogo ndani yake."

"Vidogo!" akapiga kelele mwanamke mmoja, akamvuta mwanawe mapajani. "Vidogo ni vya watoto!"

Pakawa na vurugu. Sasa mtaniuliza hawakusikia tofauti ya *fungu* na *fungo*? Mtu aliyekwisha soma jela kwenye karatasi yenye muhuri husikia jela. Bi. Mwantumu akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akamwashiria mumewe kwa mkono ambebee mzigo, akasogea mpaka mbele ya Ndugu Mapunda.

"Mwanangu," akasema, "hivyo vingine sijui vya nani. Mimi ni wa kile cha miaka miwili. Twende kabla jua halijawa kali."

Ndugu Mapunda aligeuka kututazama. Chuo kikuu hakuna somo hilo.

Ndipo tukaelezwa. Kijiji kilikuwa kimekutana kuujadili waraka. Wengi walitaka kukataa. Umeme gani unaanza kwa jela? Lakini akina mama walikumbusha kisima. Walibishana mpaka Bi. Mwantumu akasimama akasema kama kijiji kimepewa kifungo, basi ni kimoja, na kifungo kimoja ni cha mtu mmoja. Atakwenda yeye. Jela ya mjini amepita mlangoni, akaona uani kuna bomba. Miaka miwili ya kuteka maji kwa kugeuza mkono, nani ameionea tabu? Kijiji kikaona amesema. Wakakubaliana watamlimia shamba, na mumewe ataanza kwenda lamboni. Mzee Ngoda alikwisha fanya jaribio siku iliyopita, akarudi na nusu debe na maoni makali juu ya Bunge.

Mzee Mhando aliomba kuuona waraka. Akautazama, akanipa. "Mwana wa milimani, soma mstari wa tatu." Nikasoma. Nikahisi damu inanishuka miguuni, halafu cheko linapanda kutoka huko huko. Yeye hakucheka. Nilijua siku ile mzee yule alikuwa na nguvu kiasi gani, kwa sababu ni kofia yake tu iliyotikisika.

Akaiweka karatasi gotini, akakwangua kwa ukucha juu ya ile *o* mpaka ikafunguka mdomo.

"Wazee wangu, mama zangu," akasema, "herufi hii ilikula wino ikavimbiwa. Si kifungo. Ni kifungu. Mnajua fungu la nyanya gulioni?"

Wakasema wanalijua.

"Serikali imepanga nyanya zake mafungu. Fungu moja imeliwekea jina la Kwemvumo. Ni lenu, la kuletea umeme, mvute maji. Lakini gulio linafungwa Juni. Msipolichukua, linarudi kapuni."

Mzee Sempoli akauliza, "Kwa hiyo hakuna anayefungwa?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na vile vidogo vya watoto?"

"Navyo hakuna."

Hapo Kwemvumo ilipasuka kwa kicheko. Wazee walishikana mabega, nyimbo zilizokuwa zimezuiliwa zikatoka zote kwa pamoja, na Ndugu Mapunda akakaa juu ya mkoba wake akifuta machozi. Aliyekuwa hacheki ni Bi. Mwantumu.

"Mimi nimeshaaga," akasema. "Nimeaga nyumba hadi nyumba. Kuku wangu nimempa dada yangu."

"Mmoja tumeshamla," dada yake akasema kutoka nyuma.

"Mnasikia? Sasa ninyanyuke niende nyumbani kama mtu aliyeachwa na basi?"

Mzee Mhando akakaa chini kando yake. Alimwambia kwa sauti ya upole, nami sikujua kama anatania: "Mama, mzigo huo usiufungue. Uweke darini vile vile ulivyo. Mambo ya Serikali ni marefu, huenda ukahitajika."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mzee Ngoda alinyoosha yote miwili, na ngata ikiwa katika mmojawapo.

Kijiji kilichimba mashimo yake kabla nguzo hazijafika. Hilo lilituaibisha, kwa sababu nguzo zilichelewa sana. Zilipokuja nguzo, vikombe vyake vya kushikia waya havikuja. Vilipokuja vikombe, waya uko bandarini. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani kote na nchi nzima ilikuwa ikijibana. Watoto wa Kwemvumo walicheza ndani ya mashimo, mbuzi wakaangukia humo, mvua ikayafukia, kijiji kikayachimba tena. Mwishoni waya ulifika ukingoni mwa kijiji, na kisima kikawa kinaonekana kutoka nguzo ya mwisho. Ikabaki transfoma na pampu yenyewe. Miaka miwili ikaisha hapo.

Meneja wetu, Ndugu Mbwambo, aliniita akaniambia nikawape habari. Mzee Mhando alikuwa amekwisha staafu, kwa hiyo safari hii nilikwenda peke yangu. Nikauliza habari za nyumbani, nikajibu za kwangu kwa urefu, mwisho nikayasema kwa lugha ya ofisini, kwa kuwa sikuwa na nyingine.

"Wazee, kifungu kimefungwa."

Mzee Sempoli akakunja uso. "Kifungu ndicho kimefungwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Kimefanya nini?"

Bi. Mwantumu akaondoka mkutanoni, akarudi na ule mzigo, kamba yake ya katani haijaguswa, una vumbi la darini. Akaurusha nyuma ya Landrova, akapanda mbele.

"Kifungu kimekwisha na maji hatuna," akaniambia. "Basi nipeni kile cha kwanza."

Nilijaribu kumweleza njia nzima. Aliangalia nguzo zikipita dirishani, akizitaja kwa majina ya watu waliochimba mashimo yake. Tulipofika ofisini Korogwe akatandika mkeka wake koridoni, chini ya ubao wa matangazo, akakaa.

Ndugu Mbwambo akatoka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Jela."

"Mama, mimi si bwana. Siku hizi sote ni ndugu."

"Marahaba, Ndugu Jela."

Hakuna aliyejua la kufanya naye. Usiku alilala kwa Bi. Esta kule Masuguru, na asubuhi tulimkuta amefika kabla yetu, kwa maelezo kwamba mfungwa hachelewi. Alifagia koridoni. Aliwapokea waliokuja kulipa umeme wao, akawasimulia habari za Kwemvumo kutoka mashimo hadi kuku, na wengine walilipa wakarudi kukaa kusikiliza mwisho. Ndugu Mbwambo akawa anaingilia mlango wa nyuma. Sisi wengine tulikuwa na wiki nzuri, siwafichi.

Halafu siku moja nilikwenda uani kunawa mikono, nikamkuta mbele ya bomba letu. Alilifungua, akaweka kiganja chini ya maji, akalifunga. Akalifungua tena, akalifunga. Hakuwa na ndoo wala kiu. Nilisimama pale na mikono yangu michafu, nikaona aibu, nikaona na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kifungu hakina uso. Nikarudi ndani bila kunawa.

Basi wakaja waheshimiwa wabunge, wa kamati iliyokuwa ikizungukia mambo ya nishati. Walikuwa njiani kwenda kutazama mitambo ya Hale, wakapangiwa kunywa chai kwetu. Ndugu Mbwambo alipaka ukuta chokaa mpaka pale mkeka ulipoanzia.

"Mama," akamwomba, "ungepumzika stoo leo, kuna kivuli kizuri."

"Stoo kuna maji?"

"Hapana."

"Basi nipo hapa."

Waheshimiwa wakaingia, na mmoja wao, mzee mnene mwenye bakora, akasimama mbele ya mkeka. Ndugu Mbwambo alifumba macho.

"Habari za hapa, mama. Unasubiri huduma gani?"

"Nzuri, mheshimiwa. Nasubiri kifungo."

"Umekosa nini?"

"Maji."

Yule mzee alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki. Akavuta kiti, na chai ikapoa. Bi. Mwantumu akamsimulia yote, herufi iliyovimbiwa wino, kuku, mashimo, akafika mwisho akasema: "Sheria yenu nzuri, mheshimiwa, sina ugomvi nayo. Ila hiyo miaka miwili mliihesabu mkiwa Dar es Salaam, penye nguzo. Sisi nguzo zinatujia kwa miguu. Mmetuwekea fungu letu gulioni, tukaja na kapu, tukakaa hapo mpaka jioni, muuzaji ndiye hakufika na nyanya. Halafu mnasema gulio limefungwa, mmechelewa. Nani kachelewa?"

Waheshimiwa walicheka sana, isipokuwa yule mwenye bakora. Akaomba aletewe sheria. Nilikimbia nikaleta kabrasha langu, lile lile la siku ya kwanza lililobandikwa kurasa mpya, akasoma palepale koridoni, midomo ikicheza. Akaandika kitu kwenye pakiti yake ya sigara, akaiweka mfukoni.

Sisemi kwamba sheria ilibadilishwa na mama mwenye mkeka. Ndugu Mbwambo alisimulia mpaka anastaafu kwamba wazo lilikuwa lake. Mimi nasema tu nilikuwepo koridoni, na katika kikao kilichofuata cha Bunge ikaongezwa sentensi moja: kwamba fedha zilizokwisha tengwa kwa kijiji zisirudi Hazina kabla kazi ya kijiji hicho haijakamilika. Mkiifungua sheria mtaikuta, imebanwa katikati ya sentensi ndefu zaidi zisizo na kazi. Hicho ndicho kifungu cha Bi. Mwantumu. Kila transfoma mnayoipeleka kijijini leo bila kuitazama kalenda, mnaipeleka kwa sababu yake.

Fedha za Kwemvumo zikarudi kutoka Hazina, naye Bi. Mwantumu akaufunga mzigo wake upya kwa kamba ile ile, akarudi kijijini kusubiri. Siku ya kuwasha Kwemvumo hapakuja kiongozi mkubwa, maana safari ziliahirishwa mara nyingi mpaka ikasahaulika nani alialikwa. Alikuja fundi wa laini za umeme, nikaja mimi, na Mzee Mhando akaja na baiskeli yake bila breki, akaisimamisha kwa kuingia kwenye kichaka. Fundi akapandisha swichi. Pampu ikanguruma chini ya ardhi. Bomba likakohoa upepo, likatema tope jekundu, likakohoa tena, kisha maji yakatoka meupe, mengi, yakapiga zege yakawarukia watu. Watoto wakaingia na nguo zao. Mzee Ngoda akaitupa ngata juu ya paa la ofisi ya kijiji, na kwa habari nilizo nazo iliozea huko huko.

Bi. Mwantumu alikuwa amekaa juu ya mzigo wake. Watu wakampisha. Akasimama, akapiga magoti, akaifungua ile kamba ya katani kwa meno kwa kuwa fundo lilikuwa limekauka, akatoa sufuria. Akaikinga, akanywa yote bila kupumua. Akalifunga bomba. Nilikumbuka kiganja kile uani kwetu. Halafu akalifungua, safari hii mpaka mwisho, akaliacha linamwagika, akanitafuta kwa macho kwenye umati.

"Mwana wa milimani," akaniita. "Kamwambie Ndugu Jela nimetoka."